Njia za Zambia Katika Mizani ya Dunia

Zambia imezungukwa na majirani wanane, wala haina hata hatua moja ya pwani. Kila mfuko wa mbolea utokao ng'ambo, na kila bamba la shaba liendalo ng'ambo, hauna budi kupita katika ardhi ya nchi nyingine kabla ya kufika baharini au kutoka baharini. Kwa hiyo swali la njia limekuwa kwa nchi hiyo swali la uhai tangu bendera yake ilipopandishwa tarehe 24 Oktoba, 1964. Mahali ambapo nchi yenye bandari huweza kuchelewa mwaka mmoja katika kutengeneza daraja, Zambia haiwezi kuchelewa mwezi.

Katika miaka ya karibuni njia hizo zimewekwa katika mizani mpya. Tarehe 25 Septemba, 2015, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa, zilipokutana New York, zilipitisha Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yenye shabaha 169 ndani yake, ambayo yamekusudiwa kutimizwa ifikapo mwaka 2030. Lengo la tisa ndilo lihusulo miundombinu. Linazitaka serikali zijenge njia zilizo bora, za kutegemewa, zenye kustahimili misukosuko, pamoja na zile zinazovuka mipaka ya nchi, na ambazo kila mtu ataweza kuzitumia kwa gharama anayoimudu. Maneno hayo ni mazuri, lakini maneno mazuri hayapimiki mpaka yawekewe rula. Wataalamu wa takwimu waliweka rula mbili.

Rula ya kwanza ni ya miguu. Inauliza hivi: kati ya kila watu 100 waishio vijijini, ni wangapi wanaokaa katika umbali usiozidi kilomita 2 kutoka barabara inayopitika majira yote ya mwaka? Umbali huo ulichaguliwa kwa kuwa ni mwendo wa dakika 20 hadi 25 kwa miguu. Barabara yenyewe si lazima iwe ya lami. Ya changarawe yatosha, mradi magari ya kawaida ya mahali hapo yaweze kupita masika na kiangazi, na mvua kubwa ikiikata, isiikate ila kwa muda mfupi.

Rula ya pili ni ya mzigo. Inahesabu abiria na tani zilizosafirishwa katika mwaka, kwa reli, kwa barabara, kwa ndege na kwa vyombo vya majini.

Yafaa kutazama kile ambacho rula hizi mbili hazikukihesabu. Hazikuhesabu urefu wa barabara zilizojengwa, wala fedha zilizotumika, wala idadi ya tepe zilizokatwa na wakubwa. Askari anaijua tofauti ya kuhesabu bunduki zilizomo ghalani na kuhesabu zile zinazofyatuka. Kwa miaka mingi serikali za Afrika zilikuwa zikitangaza kilomita, na kilomita huongezeka daima katika hotuba hata kama nusu yake imekwisha kuliwa na mashimo. Kwa jambo hilo rula mpya ni maendeleo ya kweli.

Mwaka 2016 Benki ya Dunia ilitoa matokeo ya kuipima rula ya kwanza kwa njia mpya katika nchi nane za Afrika na Asia. Hapo kabla watu waliulizwa majumbani mwao kama wako karibu na barabara, na kila mmoja alijibu kadiri alivyoona. Safari hii zilichukuliwa ramani za makazi ya watu, zikawekwa juu ya ramani za barabara, kisha ikatazamwa hali ya kila barabara, maana barabara mbovu haikuhesabiwa kuwa barabara. Kenya ilipata asilimia 56, na Uganda asilimia 53. Tanzania ilipata kama asilimia 25, Msumbiji asilimia 20. Zambia ilikuwa ya mwisho katika nchi hizo zote kwa asilimia 17. Kwa maneno mengine, katika kila wanavijiji 100 wa Zambia, 83 walikuwa mbali na njia ya kutegemewa.

Ni rahisi kuitazama hesabu hiyo na kusema Zambia imezembea. Hukumu hiyo ingekuwa ya haraka mno. Nchi hiyo ina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 752,000, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wasiofika milioni 20. Uganda ina eneo lisilofika theluthi moja ya hilo na watu zaidi ya maradufu. Mahali ambapo vijiji vimebanana, barabara moja huhudumia watu maelfu. Mahali ambapo vijiji viko mbali mbali, barabara ya urefu ule ule huhudumia watu wachache, na gharama haipungui.

Mfano ulio wazi upo magharibi mwa Zambia, katika bonde la Barotse, ambako mto Zambezi hufurika kila mwaka na kuligeuza bonde zima kuwa ziwa. Kati ya miji ya Mongu na Kalabo, msafiri alikuwa akitegemea mtumbwi na mashua kwa miezi mingi ya mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilijaribiwa kujengwa barabara juu ya tuta, mafuriko yakaishinda kazi. Baadaye ikajengwa upya kwa njia nyingine: kilomita 34 zenye madaraja 26, ili maji yapite chini badala ya kuzuiwa. Barabara hiyo ilifunguliwa mwaka 2016, nayo iligharimu zaidi ya dola milioni 280 za Kimarekani. Ukigawa gharama hiyo kwa kilomita, kila kilomita moja ni zaidi ya dola milioni 8. Katika rula ya kilomita 2, kazi yote hiyo ni chembe ndogo tu, kwa kuwa watu walioguswa si wengi wakilinganishwa na taifa zima. Kwa mgonjwa wa Kalabo aliyekuwa akisubiri maji yapungue ndipo apelekwe hospitali ya Mongu, barabara hiyo haina bei. Hapa ndipo msimamizi wa mpango anapolazimika kuamua, na hakuna rula itakayomsaidia: afuate asilimia, au afuate mtu aliye mbali kuliko wote?

Rula hiyo ya kwanza ina kasoro nyingine isiyosemwa sana. Inahesabu barabara peke yake. Kijiji kilichoko hatua mia moja kutoka stesheni ya reli, lakini hakina barabara ya masika, kinaandikwa katika vitabu kuwa hakifikiki. Watu wa bonde la Kilombero katika Tanzania wanaijua hali hiyo vyema. Tangu miaka ya 1970, vijiji vingi kati ya Kidatu na Mlimba viliishi kwa treni ya abiria: ndizi na mchele vilipakiwa stesheni, na bidhaa za dukani zikashushwa hapo hapo. Ng'ambo ya mpaka, wakulima wa Mpika na Kasama hali yao ilikuwa hiyo hiyo. Katika hesabu ya dunia, treni hiyo haiwaongezei hata nukta moja.

Reli yenyewe, ambayo wananchi waliipa jina la Reli ya Uhuru na kwa jina rasmi huitwa TAZARA, ndiyo somo kubwa kuliko yote katika habari hii. Katikati ya miaka ya 1960 Benki ya Dunia ilikuwa imeipima kwa mizani ya biashara na kuiona haina faida. Kisha tarehe 11 Novemba, 1965, walowezi wa Rhodesia wakiongozwa na Ian Smith walijitangazia uhuru wa wachache, na Zambia, ambayo njia zake kuu zote zilipita kusini, ikajikuta imekabwa koo. Mafuta yalilazimika kupelekwa kwa ndege na kwa malori katika barabara ya vumbi na tope kutoka Dar es Salaam, barabara iliyoua watu wengi hata madereva wakaipa jina la Jahanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi. Reli ilifuata. Mkataba na China ulitiwa saini Beijing mnamo Septemba 1967. Ujenzi ukaanza Oktoba 1970. Na tarehe 14 Julai, 1976, njia yenye urefu wa kilomita 1,860, madaraja zaidi ya 300 na mahandaki zaidi ya 20, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa kwa serikali mbili. China ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Wataalamu na wafanyakazi wa Kichina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na makaburi ya wengi wao yako Gongo la Mboto hata leo.

Reli hiyo ilipangwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Haikupata kuufikia mzigo huo hata mwaka mmoja. Katika miaka yake mizuri ilibeba kama tani milioni 1.2. Kisha siasa ya kusini ilibadilika: Zimbabwe ikapata uhuru mwaka 1980, Afrika Kusini ikaondokana na utawala wa makaburu mwaka 1994, njia za kusini zikafunguka, na shaba ya Zambia ikawa na milango mingi. Wakati huo huo vichwa vya treni vilizeeka, mabehewa yakakosa vipuri, njia ikapunguzwa mwendo mahali pengi kwa usalama. Katika mwaka wa fedha wa 2014/15 reli ilibeba kama tani 88,000 tu, yaani chini ya asilimia 5 ya uwezo iliyojengewa.

Kwa rula ya tani, basi, TAZARA ni njia iliyoshindwa, na mtu aliye mbali akisoma hesabu hiyo angeweza kushauri ing'olewe. Lakini rula hiyo inapima mwaka mmoja mmoja. Haiulizi ile njia ilijengwa kwa ajili ya nini, wala nchi ingekuwaje kama isingekuwapo.

Historia yenyewe imekwisha kulijibu swali hilo. Mnamo Januari 1973 Smith alifunga mpaka wa Rhodesia na Zambia. Mnamo Agosti 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela iliyokuwa ikiipeleka shaba katika bahari ya Atlantiki. Hivyo katika muda usiotimia miaka mitatu milango miwili ilikuwa imefungwa, na mlango wa Dar es Salaam ukabeba mzigo wa yote. Bandari ilisongamana, mabehewa hayakutosha, na kufikia Oktoba 1978 Rais Kenneth Kaunda alilazimika kuifungua tena njia ya kusini kwa sababu mbolea ya wakulima ilikuwa haifiki na msimu wa mvua umekaribia. Uamuzi huo uliwauma wengi katika nchi za mstari wa mbele. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1979, makomando wa Rhodesia walipenya hadi kaskazini mwa Zambia wakalipua daraja la reli la mto Chambeshi. Daraja moja likavunjika, na njia yote ya kilomita 1,860 ikasimama.

Wale walioitega baruti ile waliijua rula ya tatu ambayo Umoja wa Mataifa haukuiandika: je, njia hii ikikatwa, iko nyingine? Mwanajeshi hufundishwa kuitazama barabara kwa jicho hilo tangu siku zake za mwanzo. Hahesabu urefu wake; hutafuta daraja, handaki, korongo, mahali ambapo adui mmoja au mvua ya usiku mmoja yaweza kuifunga. Lengo la tisa linataja ustahimilivu wa njia, lakini viashiria vyake viwili havikupewa namna ya kuuhesabu. Nchi yaweza kupata alama nzuri kwa kilomita 2 na alama nzuri kwa tani, huku maisha yake yote yakining'inia katika daraja moja.

Wala adui si lazima avae sare. Usiku wa tarehe 14 Machi, 2019, kimbunga kiitwacho Idai kiliingia nchi kavu karibu na Beira, katika Msumbiji, nacho kiliua watu zaidi ya 600 nchini humo. Barabara kuu itokayo Beira kwenda mpaka wa Zimbabwe, ambayo ilikuwa imetoka kutengenezwa upya kwa gharama kubwa, ilikatwa na maji mahali kadhaa, na mji wa Beira ukawa kisiwa kwa siku kadhaa. Beira ni bandari ambayo Zimbabwe, Malawi na Zambia zote huitegemea. Katika miaka ya 1980 majeshi ya Zimbabwe yalilinda ushoroba huo huo usikatwe na waasi wa Renamo. Mwaka 2019 hakukuwa na jeshi la kuuzuia mto Pungwe. Yawezekana kabisa kwamba makalavati makubwa na matuta yaliyoinuliwa yangegharimu fedha zaidi siku ya kujenga na fedha kidogo zaidi katika miaka 20.

Mzigo ulioihama reli haukutoweka. Ulihamia barabarani. Tuchukue lori moja kubeba tani 30: tani milioni 1.2 za mwaka ni safari 40,000 za malori, yaani zaidi ya 100 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Msururu wa malori ya shaba katika mpaka wa Tunduma na Nakonde, ambao nyakati nyingine hunyoosha kilomita nyingi, si jambo la forodha peke yake. Ni reli iliyogeuka kuwa magurudumu.

Na hapa ipo hesabu ambayo kila askari wa usalama barabarani anastahili kuijua, kwa kuwa inaeleza kwa nini mizani ya magari ipo. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, ilijengwa barabara ya majaribio yenye vipande vya unene mbali mbali. Madereva wa jeshi la nchi hiyo waliendesha malori juu yake mchana na usiku kwa miaka miwili, kila lori na uzito wake, mpaka ekseli zaidi ya milioni moja zikapita na vipande vingi vikavunjika. Matokeo yake yanatumika na wahandisi hata leo: madhara ya ekseli moja kwa barabara hayaongezeki sawa na uzito, bali huongezeka kwa kiasi cha uzito huo uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibeba tani 12, uzito umezidi kwa sehemu moja ya tano, lakini madhara yamekuwa maradufu. Ikibeba tani 15, madhara ni mara tano. Mwenye lori amepata nusu ya mzigo zaidi. Barabara imepoteza miaka.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka mpaka wa tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne, na tani 56 kwa gari zima hata likiwa na ekseli nyingi. Zambia nayo ina mizani yake katika njia kuu, ikiwamo ya Kapiri Mposhi na ya Mpika. Askari anayepokea kitu kidogo pale mizani ili lori la tani 15 kwa ekseli lipite, huenda anaamini kwamba hakuna aliyeumia, kwa kuwa mwenye mali amefurahi na yeye amefurahi. Barabara iliyojengwa idumu miaka 20 imeanza kuelekea mwisho wake kabla ya wakati, na ikishavunjika haihesabiwi tena kuwa barabara ya majira yote. Wanakijiji waliokuwa ndani ya kilomita 2 wanarudi kuwa nje. Hakuna kiashiria cha dunia kitakachoandika jina la mtu aliyewatoa.

Serikali ya Zambia haikulifumbia macho jambo hilo. Mwaka 2018 ilitoa kanuni ya kutaka asilimia 30 ya mizigo mizito isafirishwe kwa reli. Nia ilikuwa njema. Lakini kanuni haivuti behewa, na reli iliyokosa vichwa vya treni haiwezi kupokea mzigo hata ikipewa kwa amri. Kenya ililiona jambo la namna hiyo kutoka upande wa pili. Ilijenga reli mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa China wa dola zipatazo bilioni 3.2, ikaanza kubeba abiria mwaka 2017 na mizigo mwaka 2018. Reli ilikuwapo na mabehewa yalikuwapo, lakini wenye mizigo waliendelea kupenda malori. Mwaka 2019 ilitolewa amri kwamba makontena yaende kwa reli. Tani za reli zikapanda, na rula ya pili ya Umoja wa Mataifa ikafurahi. Huko Mombasa madereva, mafundi, mama lishe na wenye maghala waliingia mitaani kulalamika kwamba mji wao unakufa. Septemba 2022 serikali iliyokuwa imeingia madarakani siku hiyo hiyo ikatangaza kurudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Rula ya tani haikuwa na mahali pa kuwaandika watu hao.

Ipo shabaha nyingine ya dunia iliyo karibu zaidi na kazi ya polisi. Iko katika lengo la tatu, lihusulo afya, nayo ilitaka vifo na majeruhi wa ajali za barabarani wapungue kwa nusu ifikapo 2020. Mwaka huo ulifika, nusu haikufika, na Umoja wa Mataifa ukatangaza muongo mwingine wa 2021 hadi 2030 kwa shabaha hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 waliuawa barabarani duniani kote. Katika kanda ya Afrika vifo viliongezeka kwa asilimia 17 kati ya 2010 na 2021, wakati duniani kwa jumla vilipungua kidogo, ingawa Afrika ina sehemu ndogo sana ya magari ya dunia.

Makadirio hayo mara nyingi huzidi hesabu za polisi wa nchi zetu, na sababu moja ni ya kitabu. Kanuni ya kimataifa humhesabu kuwa amekufa kwa ajali mtu yeyote aliyefariki katika muda wa siku 30. Konstebo aliyefika mahali pa ajali saa mbili usiku huandika waliokufa hapo. Yule aliyefia hospitali siku ya tisa hubaki katika daftari la hospitali, na madaftari mawili hayo hayakutani. Barabara mpya ya lami, pana na laini, huongeza mwendo wa magari siku ya kwanza inapofunguliwa. Kama haina njia ya waenda kwa miguu, wala matuta mbele ya shule, inaweza kuinua alama ya lengo la tisa na kuishusha ya lengo la tatu kwa pamoja.

Lililobaki ni fedha, na Zambia ililipa somo lake kwa uchungu. Mwaka 2012 serikali ya Rais Michael Sata ilianzisha mpango ulioitwa Link Zambia 8000, wa kutia lami kilomita zaidi ya 8,000 ili kuunganisha wilaya na mikoa. Mwaka huo huo nchi ilikopa dola milioni 750 katika masoko ya fedha ya dunia, ikarudi kukopa tena mwaka 2014 na mwaka 2015. Barabara zilijengwa, nazo zinaonekana. Si haki kusema fedha zote zilipotea. Lakini bei ya shaba ilishuka, deni likakua, na mnamo Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Ilichukua mpaka Juni 2023 kupatana na serikali zilizoikopesha juu ya namna mpya ya kulipa deni la dola bilioni 6.3. Katika miaka hiyo makandarasi wengi walisimama wakisubiri malipo, na barabara zilizoachwa nusu zilinyeshewa. Barabara isiyomalizika huharibika upesi kuliko ile ya zamani, kwa sababu ngozi yake ya juu imekwisha kuchunwa na mpya haijawekwa. Neno endelevu, ambalo limejaa katika hati za mikutano, lina maana hiyo pia: kwamba mjenzi aweze kuendelea kulipa baada ya tepe kukatwa.

Septemba 2024, mjini Beijing, marais wa China, Tanzania na Zambia walishuhudia kutiwa saini kwa hati ya maelewano juu ya kuifufua TAZARA, na mwaka 2025 ukafuata mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina, wa thamani ya dola bilioni 1.4, kwa ajili ya kutengeneza njia na kununua vichwa vya treni na mabehewa. Safari hii si mkopo wa serikali kwa serikali kama ule wa mwaka 1967. Kampuni itaiendesha reli na kurudisha fedha zake kutokana na mzigo. Kwa hiyo tani zitahesabiwa kwa makini kuliko wakati wowote. Swali la treni ya abiria inayosimama katika stesheni ndogo za Kilombero na za kaskazini ya Zambia, ambazo mzigo wake ni mikungu ya ndizi, halikupatiwa nafasi katika rula yoyote kati ya zile mbili, na serikali hizi mbili, zilizo wenye reli, ndizo zitakazoulizwa.

Upande wa magharibi, reli ya Lobito nchini Angola, ile ile iliyofungwa na vita mwaka 1975, imetengenezwa tena, nayo inaitaka shaba ya Kongo na ya Zambia ipite huko. Na upande wa kusini, tangu Mei 2021, daraja la Kazungula lenye urefu wa mita 923 limechukua mahali pa pantoni kati ya Zambia na Botswana. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru wake, nchi hiyo iliyozungukwa na majirani wanane ina milango mikubwa iliyo wazi kwa wakati mmoja kuelekea mashariki, magharibi na kusini, na daraja la Chambeshi limekuwa moja tu kati ya madaraja mengi.